Mwaka wa Kutokumbushana

Habari za kifo cha Mama Ndeshi zilinikuta nimewapigisha magoti wachelewaji kumi na mmoja mbele ya ofisi ya walimu. Simu ilitetemeka mfukoni, nikaisoma, nikairudisha mahali pake. Kisha nikawaambia watoto wainuke waende darasani. Wakanishangaa. Shuleni kwetu hapa Ilala inajulikana kwamba Mwalimu Hadija hamwachii mtu kabla ya kengele, na kengele ilikuwa bado. Mmoja wao, kasichana kembamba, akaniuliza, "Tumesamehewa, mwalimu?" Nikamwambia apotee mbele yangu kabla sijaghairi. Mimi ni mtu wa fimbo, sikatai, na sina nguvu tena za kujitetea. Nimebakiza mwaka mmoja na miezi nistaafu, miguu imevimba, koo limekauka kwa vumbi la chaki, na kila muhula naletewa kijana mpya kutoka chuoni wa kunifundisha kwamba mtoto aachiwe aongoze somo mwenyewe. Namsikiliza, namkaribisha chai. Simwambii kwamba mimi nilishafanya kazi mahali ambapo mtoto aliongoza somo, akaongoza mapishi, akaongoza na hukumu, tena hapohapo Kariakoo, yeye hata hajazaliwa. Nilifanya kwa mwaka mmoja, nikatoka.

Ilikuwa nyumba ya chini, zile za zamani zenye korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na ua nyuma wenye bomba moja, choo kimoja na jiko la mafiga. Siku hizi pale pana ghorofa, chini wanauza vifaa vya simu, na ukisimama mbele yake wabeba mizigo wanakusukuma kabla hujakumbuka chochote. Wakati ule chumba cha kwanza kushoto kilikuwa cha Fundi Omari, mshona nguo, mpangaji wa miaka mingi. Vilivyobaki vyote vilikuwa shule. Haikuwa na kibao mlangoni, haikuwa na kengele wala paredi. Mama Ndeshi alikuwa Mchaga, mjane, mwalimu aliyeacha kazi mapema. Marehemu mumewe alimwachia nyumba hiyo na duka la jumla la sabuni mtaa wa pili, yeye duka akamkabidhi mdogo wake, akakusanya watoto ishirini na kitu waliozikimbia shule zao. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na karibu sababu zote zilikuwa za fimbo. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka chuo cha ualimu, barua ya kupangiwa kituo haijafika, na nyumbani wameshaanza kuniuliza nitakaa hivi mpaka lini. Mama Ndeshi alinihoji akiwa anamenya ndizi. "Unapiga?" akaniuliza. Nikamjibu, "Napiga ikibidi, mama." Akasema, "Hapa haibidi," akanisogezea kisu na mkungu mwingine, nikajua nimepata kazi.

Sheria za nyumba ile zilikuwa chache na zote zilitungwa kwenye kikao cha asubuhi. Tulikaa chini kwenye mikeka, chumba cha pili kulia, watoto na wakubwa pamoja, kila mtu na kunde moja na choroko moja kiganjani. Ukikubali jambo unatumbukiza kunde kwenye kopo la maziwa, ukikataa unatumbukiza choroko, kisha mtoto wa zamu anamwaga kopo kwenye ungo na kuhesabu mbele ya wote. Tulipigia kura kila kitu: tupike nini, twende Mnazi Mmoja kupima uwanja kwa hatua au tubaki kusoma, nani aoshe sufuria. Kikao kikiisha, kunde na choroko zote zinatupwa kwenye chungu kimoja kwa ajili ya mchana, kwa hiyo kura zetu tulizila. Wenye maduka waliokuwa wakipita koridoni kwenda kwa Fundi Omari walikuwa wakichungulia na kucheka. "Shule gani hii watoto wanachambua kunde toka asubuhi?" Mwingine anamjibu, "Ndo shule ya Mama Ndeshi hiyo, hamna kupigwa." "Basi hamna kusoma!" Mimi nilikuwa nasikia, na moyoni nilikuwa upande wao.

Sheria ya kwanza kabisa, iliyoandikwa kwa chaki nyekundu juu ya mlango, ilisema: Hakumbushwi mtu, hahimizwi mtu. Mkubwa anajibu akiulizwa. Ukitaka hesabu, njoo uombe hesabu. Ukitaka kulala, lala. Kwangu mimi hiyo ilikuwa adhabu. Chuoni tulifundishwa kusema jambo mara tatu, la kwanza liingie, la pili likae, la tatu lisitoke. Wiki za mwanzo nilikuwa naung'ata ulimi mpaka unauma kweli. Kulikuwa na kijana mmoja, Jofrey, wa miaka kumi na nne, aliyekaa mwezi mzima juu ya pipa uani akitazama mafundi wa redio wa nyumba ya jirani, hashiki kitabu. Nikamlalamikia Mama Ndeshi. Akaniambia, "Mwache, bado anapumua." Mwezi wa pili Jofrey akaja mwenyewe na swali kuhusu umeme ambalo sikuweza kulijibu, ikabidi nikatafute kitabu. Sijawahi kuulizwa swali la namna ile tena. Kwenye madarasa yangu ya sasa watoto wanasimama wote kwa pamoja, wanaimba "Shikamoo mwalimu," wanakaa, na mpaka mwaka unaisha hakuna aliyeniuliza kitu kisichokuwa ruhusa ya kwenda chooni. Nalisema hili kwa sababu nataka kuwa mkweli, si kwa sababu limenifurahisha.

Sauda alikuja mwishoni mwa masika, siku ambazo nusu ya watoto hawakufika kwa sababu Jangwani kulikuwa hakupitiki kwa maji. Bibi yake alimleta kwa mkono, mama wa Kizaramo mwenye kanga mbili na maneno machache. "Mwanangu huyu ana akili, ila kule walikuwa wanamuua mkono." Alikuwa na miaka kumi na mitatu na alikuwa anaandika kwa kushoto. Mwalimu wake wa zamani alikuwa akimchapa vidoleni kila alipomwona ameshika kalamu na mkono huo. Akaja kwetu na tabia ya kukalia mkono wake wa kushoto, anauweka chini ya paja, anakaa juu yake, ndipo anakusikiliza. Ilichukua kama miezi miwili kabla hajausahau. Siku moja nikamwona amekaa juu ya mbuzi uani anakuna nazi kwa kushoto, anaimba, na machicha yamemrukia mpaka kwenye nyusi. Nikaenda koridoni nikafuta machozi kwa ncha ya mtandio, kisha nikajiuliza mimi nalia nini.

Chumba alichokipenda kilikuwa cha Fundi Omari. Fundi alikuwa mtu wa mdomo, mkononi chaki ya kukatia, mdomoni pini, na bado anaongea. Sauda alianza kwa kuokota vipande vya vitambaa, akaishia juu ya meza ya kukatia. Siku moja palikuwa na kazi ya sare za shule fulani, Fundi amepanga mapande yake kwenye jora kama alivyozoea, Sauda akazunguka meza mara mbili, akasema, "Fundi, ukiigeuza hii sketi kichwa chini, kinabaki kitambaa cha sketi nzima nyingine." Fundi akakataa, akacheka, kisha akapima. Nilimsikia kutoka jikoni anapiga kelele, "Wallahi! Mwalimu Hadija, njoo uone! Mimi nakata tangu sijaota ndevu, hii njia sikuiona!" Jioni ile, tukiosha sahani, Sauda akaniambia kwa sauti ndogo kwamba anataka kuwa yule mtu anayechora nyumba kabla haijajengwa. Nikamwambia hao wanasomea mpaka chuo kikuu, na kwanza lazima afanye mtihani wa darasa la saba, achaguliwe sekondari. Akasema, "Najua, mwalimu." Aliniambia mimi. Hakumwambia mtu mwingine yeyote kwenye nyumba ile, na alilisema kwa namna ambayo nilijua limemtoka tumboni.

Sasa nifike kwenye rula, maana siwezi kuikwepa. Ilikuwa asubuhi ya joto, nimelala vibaya, napita nyuma ya watoto walioomba mazoezi ya hesabu. Nikaona kalamu kwenye mkono wa kushoto, na mkono wangu mwenyewe ukainuka na rula ukapiga. Sikukusudia, naapa. Nilifundishwa hivyo toka nikiwa mdogo na mwili ulikumbuka kabla yangu. Sauda hakulia. Aliuchukua ule mkono, akauweka chini ya paja, akaukalia. Kesho yake kwenye kikao Jofrey akasimama. "Nina shauri. Mwalimu Hadija amempiga Sauda na rula." Pale hata mkubwa alishitakiwa. Sauda akasema haraka, "Mwalimu alisahau tu." Jofrey akasema kusahau hakumo kwenye sheria, akataka niombe radhi mbele ya wote. Kura ikapigwa. Watoto walificha mbegu zao kwenye ngumi kama kawaida, lakini Mama Ndeshi alinyoosha mkono wazi kabisa, nikaiona kunde yake kabla haijaingia kwenye kopo. Nikaomba radhi. Mimi, mtu mzima mwenye cheti cha serikali, nilisimama juu ya mkeka nikawaambia watoto wa watu, "Nimekosa, nisameheni." Walipiga makofi. Mchana sikula kunde zile.

Baada ya hapo nilinyamaza. Nilisema moyoni, haya, si mnataka uhuru, chukueni uhuru wenu. Nilijibu nilipoulizwa, kwa maneno mawili matatu, sikuongeza neno. Mama Ndeshi alidhani nimeielewa sheria, hata akanisifu mbele ya Fundi Omari: "Hadija amekuwa mwalimu sasa." Ilinichoma zaidi. Sauda alikuwa akinitazama siku hizo. Analeta daftari, anasubiri, nasahihisha, namrudishia. Zamani ningemwambia vizuri, mama, hapa umepatia. Sasa nikawa simwambii. Ndivyo tulivyoishi mpaka karatasi ikabandikwa.

Shule yetu haikuwa na ruhusa ya kufanyisha mtihani. Mwalimu mkuu mmoja wa shule ya serikali, rafiki wa Mama Ndeshi wa zamani, alikubali kuwaandikisha kwake watoto wetu waliofikia. Walikuwa sita. Mama Ndeshi akabandika karatasi ukutani, mkabala na chumba cha Fundi, na kalamu akaifunga kwa uzi kwenye msumari. Juu ameandika: Anayetaka mtihani aandike jina lake na kuleta picha. Siku ya mwisho Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi. Kikaoni akaisoma mara moja tu, akaendelea na mambo ya kuni. Jofrey alijiandika siku ileile. Wengine watatu wakafuata. Mmoja alisema wazi kwamba yeye mtihani hautaki, anakwenda kwa mjomba wake kujifunza magari, na uso ulimng'aa, hana shida na mtu. Akabaki Sauda.

Siku ya tatu alinikuta nasimamia maharage jikoni. Akasimama mlangoni, anazungusha ncha ya mtandio kidoleni. "Mwalimu, ile karatasi ni ya nani?" Nikamwambia, "Ni ya anayetaka." Akasema, "Eeh." Akasubiri. Mimi nikakoroga maharage. Nilijua anachosubiri, asinidanganye mtu kwamba mwalimu hajui. Nilikuwa naweza kusema maneno matatu tu: nenda kaandike jina. Nilikuwa nayo ulimini. Nikayameza, na sikuyameza kwa ajili ya sheria. Niliyameza kwa sababu nilikuwa nimeshaona sura ya Mama Ndeshi siku ya kurudisha karatasi, mtoto wake mwenye akili kuliko wote hayumo, na nilitaka kuiona sura hiyo. Nilitaka ajue uhuru wake ni kitu gani. Nilikuwa nimemtoa Sauda kafara kwa ajili ya kunde moja. Alisimama kidogo, akasema, "Basi mwalimu, nikasaidie kukata," akaondoka kwenda kwa Fundi.

Ijumaa saa kumi Mama Ndeshi akaja na miwani puani, akang'oa karatasi. Akaisoma. Akairudia. "Sauda hakuandika," akasema. Nikasema, "Hakuandika." "Umeongea naye?" Nikamjibu, "Hakuniomba. Si ndiyo sheria, mama?" Akanitazama, karatasi mkononi, na chumbani kwa Fundi tulisikia mkasi wa Sauda unakwenda kwenye kitambaa. Hatua tano hazifiki. Mwanamke yule alifungua mdomo, nikamwona kwa macho yangu, kisha akaufunga. "Ndiyo sheria," akasema, akaikunja karatasi mara nne. Sura niliyoitaka niliipata. Sikufurahi hata kidogo.

Watoto wanne walihitaji sare ili wakafanye mtihani kwenye shule ya watu. Fundi Omari alizishona bila malipo, na aliyezikata ni Sauda. Nilipita nikamwona amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni kama bosi wake, anampima Jofrey kaptula. "Mwalimu," akaniuliza, "hapa nikunje inchi mbili au moja? Anaweza kurefuka." Nikasema mbili. Siku walipokwenda kwenye mtihani nyumba ilikuwa kimya, nikawa nafagia korido, na uani Fundi Omari alikuwa anazungumza na Mama Ndeshi, hawajui kama nipo. "Kwa nini hukumwambia yule binti?" Fundi anauliza. "Ningemwambia yeye, Omari, ningewaambia wote. Shule ingekuwa kama zile zingine." "Basi ingekuwa kama zile zingine, lakini Sauda angekuwa ndani." Halafu nikasikia mama wa watu analia, kilio cha mtu mzima asiyetaka kusikika, na Fundi anamwambia, "Basi mama, basi, yameshapita." Nilikaa chini pale koridoni na ufagio wangu. Ningeweza kutoka nikasema ni mimi. Sikutoka. Mwaka uliofuata, nilikuja kusikia, bibi yake alisema mtoto ameshapata ufundi mkononi, shule ya nini tena, akamwacha kwa Fundi moja kwa moja. Barua yangu ya kituo ilikuja mwezi wa kumi na mbili, nikaondoka bila kumuaga vizuri mtu yeyote. Tangu siku ile nimekuwa mwalimu wa kukumbusha. Nimewakumbusha watoto kwa mdomo, kwa fimbo, kwa kuwafuata mpaka majumbani kwao, jina lako, picha yako, fomu yako. Hakuna mtoto wangu aliyewahi kukosa mtihani kwa kutoandikishwa. Wapo waliokosa mengine, na hayo nimeanza kuyafikiria hivi karibuni tu.

Msiba ulikuwa Ilala, nyumba aliyokuwa akiishi Mama Ndeshi miaka yake ya mwisho. Wachaga hawaziki Dar, kwa hiyo ilikuwa ibada ya kumuaga kabla hajasafirishwa kwenda kwao Moshi. Mabasi madogo mawili yameshafika, turubai limefungwa barabarani, viti vya plastiki vimejaa. Getini waliweka meza yenye kitambaa cheupe, picha ya marehemu, na kitabu cha maombolezo. Nilisaini kwa haraka, nikaenda kukaa nyuma kabisa, miguu inauma. Jofrey ndiye aliyesimama kusoma wasifu. Sasa ni mhandisi, kipara, suti nyeusi. Akasema, "Mama huyu hakuwahi kunilazimisha kitu hata siku moja, na kila nilicho nacho ni kwa sababu hiyo." Watu wakalia. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu, mwenye baibui na miwani ya kusomea iliyoning'inia shingoni, akaguna. Nikageuka. Alikuwa amekalia mkono wake wa kushoto.

"Shikamoo, mwalimu," akasema Sauda. Nilipoitikia, akacheka kidogo. "Mimi nakuonaga, mwalimu. Unapita kwa mbele ya duka langu kila mwisho wa mwezi, mtaa wa nyuma ya soko. Sare za shule yako nashona mimi. Hukujua?" Sikujua. Miaka yote nimewakagua watoto sare mstarini, nimezivuta kola, nimeangalia mishono kama imeachia, na ilikuwa haiachii. Nikamuuliza watoto, akaniambia watatu, mmoja yuko chuo. Nikamuuliza Fundi Omari, akasema alishatangulia, cherehani zake nne anazo yeye. Mapadri wakaanza wimbo, ukaisha. Ndipo akasema, kama mtu anayeendeleza mazungumzo ya jana, "Picha nilikuwa nazo, unajua." Nikauliza picha gani. "Za mtihani. Nne. Fundi Omari alinipeleka studio. Nilikaa nazo kwenye mkoba wiki zote mbili." Nikamuuliza, "Sasa mbona hukuandika jina, Sauda?" Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Mwalimu, ningejiandikaje? Mkubwa hajasema. Kwetu mkubwa akinyamaza amekataa. Nilikuja mpaka jikoni ili uniambie, ukakoroga maharage. Nikasema, bado ana hasira na mimi kwa ile rula, nimemwaibisha mbele za watu. Nikasema, ameniona sifai. Mtihani nilishausahau, mwalimu, maisha ni maisha. Ila lile la kwamba uliniona sifai, hilo nimekaa nalo."

Ningeweza kumwambia ilikuwa sheria. Jeneza liko pale mbele, marehemu hawezi kunikanusha, na maneno ya sheria yalikuwa yameandikwa ukutani kwa chaki nyekundu. Nimechoka. Nilimwambia. "Sikuwa na hasira na wewe. Nilikuwa na hasira na huyu mama. Nilijua unachotaka, na nilinyamaza makusudi, ili karatasi ikirudi bila jina lako, aumie." Sauda aliutoa mkono chini ya paja, akavikunjua vidole kimoja kimoja, damu irudi. Kisha akasema taratibu, "Kumbe hata hukuwa unaniangalia mimi." Nikasema, "Sikuwa nakuangalia. Nisamehe." Akasema, "Haya, mwalimu." Sijui maana ya haya ile mpaka leo. Kisha akaongeza, "Afadhali ungekuwa umeniona sifai." Halafu akanisaidia kuinuka, maana watu walishaanza kupanga foleni ya kumuaga marehemu na magoti yangu hayanyanyuki yenyewe.

Tulimuaga. Uso wake ulikuwa mdogo, pua imekuwa kali, na mdomo umefungwa vilevile kama ile Ijumaa. Tukatoka pamoja kwenda getini, ndugu zake wanapakia mizigo kwenye mabasi, wakubwa wa mji na suti zao wanasalimiana pale kwenye meza yenye kitambaa cheupe. Sauda akapunguza mwendo. Nikamwona anakitazama kitabu, kiko wazi, kalamu imelala katikati, na hakuna aliyekuwa anamkaribisha mtu. Akavuta mtandio, akapita. Alikuwa ameshafika barabarani nilipomwita, kwa ile sauti yangu ya mstarini inayofika mpaka uwanja wa pili, watu wa suti wote wakageuka. "Sauda! Rudi hapa!" Akarudi, mwanamke mzima mwenye watoto watatu na cherehani nne, anazungusha ncha ya mtandio kidoleni. Nikaichukua kalamu nikampa. Akaipokea kwa kulia, akaangalia watu, kisha akaihamishia kushoto. "Niandike wapi, mwalimu?" Nikamwekea kidole kwenye mstari. "Hapa," nikamwambia. "Andika majina yako yote matatu."